Tafakari ya Juma: Mfarishi wa Kanda Arobaini



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili hatutaanza na somo la Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na mfarishi. Vijana wetu wengi hawalijui tena neno hili, na wakikiona kitu chenyewe hukiita blanketi la viraka. Mfarishi ni tandiko au shuka zito la kujifunika, lililoshonwa kwa tabaka mbili au tatu za kitambaa. Huu tunaouzungumzia ulishonwa katika parokia yetu, hapa upande wa Mpanda, wakati wa kipupwe cha mwaka jana, kwa vipande vya nguo kuukuu vilivyotoka katika nyumba 40. Tumekaa na habari hii kifuani kwa miezi mingi, kwa kuwa ndani yake limo kosa letu wenyewe. Sasa tumeona si haki kuendelea kuinyamazia.

Mzee wetu katekista, aliyekihudumia kigango kimoja kwa zaidi ya miaka 40, alikuwa amelala kitandani tangu Pasaka. Wenye kuujua mkoa wetu wa Katavi wanajua kwamba mwezi Juni na Julai usiku huwa wa baridi kuliko wageni wanavyodhani, na mwili wa mgonjwa mzee hauna mafuta ya kuupinga. Akina mama wa jumuiya waliomtembelea walirudi na wazo: kila nyumba aliyoifundisha katekisimu itoe kipande kimoja cha nguo, si kipya, bali kilichovaliwa, vipande viunganishwe, mzee afunikwe navyo. Tulilipokea wazo hilo kwa furaha. Katika nchi yetu hii katekista si mtu mdogo. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kituo kilichojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, ndiko alikofika Adrian Atiman mwaka 1889: mtoto wa Kiafrika aliyetekwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga huko Malta, akawa katekista na tabibu wa watu wa ziwa hadi kifo chake mwaka 1956. Makatekista wetu wote ni wajukuu zake.

Wengine walituuliza kama kazi ya viraka si jambo la kigeni. La hasha. Kanga yenyewe, vazi la mama zetu wote, ilizaliwa kwa kuunganishwa. Karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso zilizotoka ng'ambo zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Wakakata leso tatu tatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata nguo moja ya leso sita. Ndiyo maana hadi leo wako wanaoiita kanga leso. Tena misafara iliyopita huku kwetu kuelekea ziwani ilibeba vitambaa kama fedha: merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki, ile nyeusi ya buluu. Nyeupe upande mmoja, nyeusi upande wa pili. Mfarishi wetu nao ulikuwa na ncha hizo mbili.

Maana akina mama hawakutaka viraka vilivyotupwa ovyo. Mama mmoja ambaye ni fundi cherehani alishauri kanda zipangwe kwa hatua, kutoka rangi iliyo nyeupe kuliko zote hadi ile iliyo nyeusi kuliko zote, zikifuatana polepole kama anga inavyofuatana kuanzia mapambazuko hadi usiku. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kila ukanda ulikatwa upana wa sentimita 6. Mshono hula nusu sentimita kila upande, hubaki sentimita 5 zinazoonekana. Kanda 40 hutoa mita 2, urefu wa kumfunika mtu tangu mabega hadi nyayo. Vipande vilivyokuwa vifupi viliungwa kwanza ncha kwa ncha hadi vikatosha upana wa kitanda.

Basi sisi, ambao hatujui kutia uzi katika sindano bila kuita mtu, tukajitwika kazi ya kupanga. Tulitandika meza ndefu ya ukumbi, tukaweka vitambaa, na tukafikiri tumemaliza kwa saa moja. Fundi wetu alipotazama akacheka kwa adabu.

"Baba," alisema, "umepanga kwa majina ya rangi. Hapa umeweka njano zote, hapa nyekundu zote. Lakini njano hii ya haradali ni nzito kuliko hiyo nyekundu iliyopauka. Subiri jua lizame, utaona."

Tukasubiri. Baada ya rozari, mwanga ulipopungua ukumbini, majina ya rangi yalipotea kabisa machoni petu; hapakuwa na nyekundu wala kijani, bali vyeupe na vyeusi na vilivyo katikati. Kijana mmoja akapiga picha kwa simu, akaiondolea rangi, nayo ikasema jambo lile lile. Ndipo tulipoanza kupanga upya.

Tulijifunza zaidi. Kahawia moja, ikiwekwa kando ya nyeupe, ilionekana nyeusi tii. Ikiwekwa kando ya kaniki, ikaonekana kama udongo mkavu. Baadaye tulikumbuka habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za Gobelins huko Paris kuanzia mwaka 1824. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi ni hafifu. Alizipima, akaona nyuzi hazina kasoro. Kilichozipunguzia nguvu ni rangi za jirani zilizofumwa karibu nazo. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu sheria hiyo. Ukanda mmoja, kwa hiyo, hauwezi kuhukumiwa peke yake mkononi. Tulilijua hilo kichwani. Kulishika moyoni kukawa jambo jingine.

Siku ya tatu ya kupokea vitambaa alifika bibi mmoja kutoka upande wa Katumba. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alitusalimu, akafungua mfuko, akatoa kitenge ambacho zamani yamkini kilikuwa na maua, lakini sasa kilikuwa kimepauka hadi kuwa na rangi ya majivu yenye wekundu, kina harufu ya moshi, na kingo zake zimelika.

"Baba Paroko," alisema, "mimi nina hiki tu. Mzee alinifundishia watoto wanne."

Tulimshukuru, tukakipokea. Alipoondoka, tukakiweka kando. Tulijiambia kwamba kimechakaa mno na hakitashika uzi. Hiyo ilikuwa sababu yetu ya mdomoni. Sababu yetu ya kweli, ndugu wasomaji, ilikuwa woga, na lazima tuieleze.

Bibi huyu ni miongoni mwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapokewa na nchi yetu, wakapewa mapori ya Katumba wayafyeke wakae. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Wengi wao wameishi hapa kuliko tulivyoishi sisi tunaowahudumia. Serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kwa sheria, basi, bibi ni Mtanzania kama mwingine yeyote. Lakini mwanawe na mtoto wa kwanza wa mzee katekista wanagombea ekari mbili na nusu za shamba, kila mmoja akiwa na mashahidi wake. Katika kikao kimoja cha usuluhishi, miaka mitatu iliyopita, mtu mmoja wa ukoo wa mzee alisimama akamwita kijana wa bibi mkimbizi. Mzee katekista alikuwapo, akanyamaza. Na sisi tulikuwapo. Nasi tulinyamaza, tukatazama saa, tukafunga kikao kwa sala. Tangu siku ile nyumba hizo mbili hazikuwa zikisalimiana hata kwenye amani ya Misa.

Tulichoogopa ni hiki: kwamba watoto wa mzee wakikiona kitambaa cha bibi juu ya kitanda cha baba yao, watakasirika, na kazi nzuri ya akina mama itaharibika. Hivyo tukailinda amani kwa kukiweka kitenge chini ya meza, ndani ya boksi la mishumaa. Wapendwa, amani ya namna hiyo tumeitunza mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kanda zilipokaribia kuunganishwa, fundi alisimama mbele ya meza muda mrefu. Kutoka nyeupe hadi rangi ya mchanga, sawa. Kutoka kahawia hadi kaniki, sawa. Lakini katikati, kati ya ukanda wa 22 na ule uliofuata, jicho lilijikwaa.

"Hapa pana shimo, Baba," alisema. "Kama ngazi iliyong'oka kidato. Zimefika 39 tu. Nyumba ipi haijaleta?"

Hatukujibu mara moja. Kisha tukainama, tukatoa boksi. Alikitandaza kitenge pale penye shimo, akarudi nyuma hatua tatu, akafumba macho nusu. Pande mbili zikaungana kana kwamba hazikuwahi kuachana. Hakutuuliza kwa nini kitambaa kilikuwa chini ya meza. Alitutazama tu, na sisi tukatazama chini. Kuhusu uchakavu alikuwa na dawa nyepesi: alikibandika juu ya kipande chembamba cha pamba nyeupe, akashona vyote viwili kama ukanda mmoja. Kilishika uzi vizuri sana.

Ushonaji wenyewe ulichukua majuma mawili kwa cherehani ya kukanyaga. Tulijifunza kwamba ukishona kila mshono kutoka upande ule ule, kanda nyingi zikiungana kitambaa hupinda kama upinde. Inakupasa mshono mmoja uanzie kushoto, unaofuata uanzie kulia, ili mvuto wa huu usahihishwe na mvuto wa ule. Mishono ililazwa kwa pasi ya mkaa kuelekea upande wenye rangi nzito ili isichungulie kwenye rangi nyepesi. Katikati liliwekwa blanketi kuukuu, chini bitana ya pamba, vyote vikapigwa bandi, na hatimaye akina mama wakaketi kuuzunguka mfarishi, wakapitisha sindano kwa mkono kutoka juu hadi chini ili tabaka tatu zisitembeane. Katika kuketi huko, vidole vikiwa na kazi, walizungumza mambo ambayo hatujawahi kuyasikia yakisemwa katika mikutano yetu.

Mfarishi ulipokwisha ukafuliwa, na hapo pigo la pili likatujia. Ukanda wa 31 ulitoka kwetu. Tuliona haya kutoa kitu kikuukuu, tukanunua dukani kitambaa kipya, chenye rangi ya damu ya mzee na mng'ao mzuri. Fundi alikuwa amewaagiza wote: fueni kwanza nyumbani, mara mbili, kwa maji ya moto. Nguo kuukuu zilikuwa zimefuliwa maisha yao yote. Chetu hakikuwahi kugusa maji. Kilirudi, yaani kilipungua, kikawavuta majirani zake wakakunjamana; tena kikatoa rangi, kikawatia madoa. Katika kanda 40, ukanda uliowaumiza wengine ulikuwa wa paroko.

Ninyi mnaoijua Injili ya Marko mmekwisha kukumbuka mfano ule wa sura ya 2, juu ya kitambaa kisichopata maji kinachoshonwa kwenye vazi la zamani, nacho hulirarua. Tumeuhubiri mara nyingi, tukieleza habari za agano la kale na jipya. Hatukuwahi kufikiri kwamba Bwana alikuwa pia akisema jambo ambalo kila mama mwenye sindano hulijua: kilichopita majini kinaweza kuishi na wenzake, na kile ambacho hakijapita, hata kiwe kizuri namna gani, huvuta kila kitu kuelekea kwake. Akina mama walifumua mishono miwili, wakautoa ukanda wetu. Mahali pake tulitoa shati letu la rangi nzito tulilovaa seminarini, lililochakaa kwenye kola. Madoa kwa majirani hayakutoka yote. Yapo hadi leo.

Tuliupeleka mfarishi mwishoni mwa Julai. Mzee alifunikwa, akatabasamu, kisha akaanza kuuliza. Huu ni wa nani? Na huu? Fundi akajibu, nyumba kwa nyumba, na mzee akaugusa kila ukanda kwa kidole kana kwamba anaita mahudhurio ya darasa la katekisimu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni. Ilipofika zamu ya ukanda wa katikati, chumba kilinyamaza. Mara hii tuliona ni juu yetu kusema. Tulimtaja bibi kwa jina lake, tukaeleza kwamba alikileta kwa miguu, na kwamba sisi tulikuwa tumekificha.

Mzee hakusema neno kwa muda. Alikilaza kiganja chake chote juu ya ukanda ule. Kisha akamwambia mwanawe, "Nenda ukamwite. Wewe mwenyewe."

Kijana alikwenda. Bibi alikuja siku ya pili, akakaa ndani na mzee muda wa chai moja. Sisi tulibaki nje chini ya mwembe, na hatujui walizungumza nini. Hatukuuliza. Bibi alipotoka alikuwa amejifuta uso kwa upindo wa kanga, akatuaga, akaenda zake.

Mzee alituaga duniani mwezi Septemba, wakati miombo inapochipua majani mekundu kabla ya mvua, yale ambayo baadaye hugeuka shaba, kisha kijani. Alikufa chini ya mfarishi ule. Baada ya matanga, ukoo ulipogawana vitu vyake vichache, tulisikia kwamba mfarishi haukupewa mtoto wake yeyote. Mwanawe wa kwanza aliukunja, akaufunga kwenye baiskeli, akaupeleka Katumba. Inasemekana alimkuta bibi akipepeta, akauweka juu ya mkeka, akasema, "Mama, baba amesema huu ni wako," akageuka.

Tungependa kuwaambia kwamba kesi ya shamba imekwisha. Haijaisha. Ekari mbili na nusu bado zinagombewa, na inawezekana upande mmoja utashindwa na kuumia. Lakini wanasalimiana. Na mwezi uliopita, mtu mwingine alipolitamka tena lile neno katika kikao, mtoto wa katekista ndiye aliyesimama akasema kwamba neno hilo halina mwenyewe hapa. Sisi tulikuwa tunafungua kinywa. Alitutangulia, na tulifurahi kutanguliwa.

Mbali sana na hapa, Gee's Bend katika jimbo la Alabama, Marekani, mama mmoja mweusi aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alizikusanya nguo za kazi za marehemu, zilizopaushwa na jua la shambani, akashona mfarishi ili amkumbuke na kujifunika humo. Leo kazi za wanawake wa kijiji kile zimo katika majumba makubwa ya makumbusho, na watu hulipa nauli kwenda kuzitazama. Sisi hatudhani kwamba mfarishi wetu utafika huko. Upo Katumba, juu ya kitanda cha kamba, na una madoa.

Juma hili, wapendwa, fungueni masanduku yenu. Tafuteni kitambaa kimoja ambacho hamkivai wala hamkitupi, mkamweleze mtoto mmoja habari zake. Na kama lipo boksi chini ya meza ambamo mmeweka kitu cha mtu kwa kisingizio kwamba kimechakaa, litoeni mapema. Sisi tulibahatika kuwa na fundi aliyeona shimo. Si kila meza huwa naye.

Tuwaombee makatekista wetu wote, wazima na marehemu, na wote walioitwa wageni katika nchi yao wenyewe. Mungu akipenda, tutakutana tena juma lijalo.

Amani ya Bwana iwe nanyi.